Baiskeli Iliyosikika Hadi Maisaka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kandida alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia kuku, kuchota maji ya kunywa, na kuifuta baiskeli ya mama yake. Ya tatu ndiyo aliyoipenda. Ilikuwa baiskeli ya gia, nyekundu, yenye matairi mapana ya kupandia milima. Zahanati ya parokia ilimkabidhi mama yake alipomaliza mafunzo ya kuwahudumia wagonjwa majumbani. Kandida alifuta fremu kwa kipande cha kitenge, akafuta spoki moja moja, kisha akaisogeza mlangoni.

Mama Kandida alikuwa mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Alitoka na mkoba wa dawa, akabinya breki zote mbili, akasema, "Uji uko jikoni, sare iko kwenye kamba, usichelewe." Kabla Kandida hajajibu, alikwisha kuvuka mfereji. Kutoka kwao Nakwa aliteremka Maisaka wakati watu bado wamelala, kisha akapanda kwenda Mutuka, akarudi saa nne. Wagonjwa wake walikuwa saba, na majina yao hayakutajwa nyumbani.

"Ugonjwa wa mtu ni wake," alisema. "Mimi nabeba dawa, sibebi habari."

Mji wao, Babati, ulikuwa umefanywa makao makuu ya mkoa hivi karibuni tu. Malori ya kokoto za kujengea ofisi yalipita tangu alfajiri, na ilipofika mwezi wa tisa, majani ya migomba kando ya barabara yalikuwa kahawia kwa vumbi.

Jumamosi moja ya mwezi huo, mama alikwenda kwenye kikao cha jumuiya kwa miguu. Baiskeli ilibaki imeegemea ukuta. Rafiki yake Kandida, Kindness, alipita akiwa anatafuna muwa.

"Mambo, Kandida? Hiyo baiskeli mnaiangalia tu kama picha ya ukutani?"

"Mama amenikataza kuipanda."

"Nani kasema uipande? Tuisukume tu mpaka pale juu. Itashuka yenyewe."

Walipofika juu, waliipanda wote wawili, Kindness akiwa nyuma kwenye keria. Mteremko uliwachukua haraka kuliko walivyodhani. Kwenye kona, tairi la mbele liliingia kwenye mchanga, na baiskeli ikaanguka kwa upande wa kulia, upande wa mnyororo, juu ya mawe.

Kandida aliinuka goti likivuja damu. Hakulitazama. Aliiangalia baiskeli. Usukani ulikuwa sawa, na rangi ilikuwa imechubuka kidogo tu karibu na pedali. Lakini walipoanza kuisukuma kurudi nyumbani, ilianza kulia: kwaru, kwaru, kwaru.

"Inataka mafuta tu," Kindness alisema. "Mlango wetu ukilia, bibi anautia mafuta ya alizeti, unanyamaza."

Nyumbani kulikuwa na dumu zima la mafuta ya alizeti, maana walikuwa wamekamua mavuno majuzi tu. Kandida alichota kikombe kizima akakimimina kwenye mnyororo mpaka mafuta yakadondoka ardhini. Kelele ikapungua. Alimwaga mchanga juu ya doa, akaosha kikombe, akairudisha baiskeli ukutani. Mama aliporudi na kuuliza kuhusu goti, Kandida alisema alijikwaa kisimani.

Kwa siku tatu mambo yalikuwa shwari. Siku ya nne, vumbi la barabarani lilikuwa limenata kwenye mafuta yale hadi mnyororo ukawa mweusi kama lami, na kelele ikarudi na wenzake. Mama alipokanyaga ilisikika kwaru-kwaru. Vigurudumu viwili vidogo vya nyuma vilipiga kwii, kwii, kama panya aliyebanwa. Na alipotia gia nyepesi ya kupandia mlima, kitu kiligonga spoki: tik, tik, tik. Watoto wa mtaani walitoka mbio kando ya njia.

"Mashine ya kusaga hiyo! Leteni mahindi!"

Mama alizidi kukanyaga. Lakini mchana ule Kandida aliporudi shule, alimkuta anamsubiri mlangoni. "Twende kwa fundi. Wewe ndiye unayeifuta kila siku, huenda akakuuliza kitu."

Fundi Anselimu alifanya kazi chini ya paa la bati nyuma ya soko, amezungukwa na magurudumu yaliyoning'inia.

"Shikamoo, fundi," Kandida alisema.

"Marahaba, binti. Mama Kandida, karibu. Nimekusikia tangu kwenye kona ya kanisa, nikadhani trekta limekuja mjini."

"Usinicheke, itengeneze."

Anselimu aliipindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu juu. "Kwanza nijibu. Inalia ukikanyaga, au hata ukiacha ijiteremkie yenyewe?"

"Nikiacha kukanyaga inanyamaza."

"Basi si tairi wala breki. Tatizo liko kwenye njia ya mnyororo." Alizungusha pedali kwa mkono, akasikiliza kwa kuinamisha kichwa. Kisha akapitisha kidole kwenye mnyororo, akakinusa. "Nani alikuwa anakaanga maandazi humu?"

Mama aligeuka. Kandida aliona afadhali aseme nusu. "Ni mimi. Ilikuwa inalia, nikaitia alizeti."

"Alizeti!" Mama alipiga kofi kwenye paja. "Kwani hii ni mboga?"

"Wengi wanafanya hivyo," alisema Anselimu. "Inanyamaza leo, kesho vumbi linashikamana nayo, kesho kutwa ni msasa mtupu." Alimtazama Kandida. "Ilikuwa inalia kabla ya mafuta. Kwa nini? Iliwahi kuanguka?"

"Haijaanguka," mama alijibu. "Anayeipanda ni mimi peke yangu."

"Eti, binti?"

Kandida alivuta sketi yake chini. Kindness alikuwa ameapa kutosema, na jeraha la goti lilikuwa limefunikwa na sketi. "Haijaanguka," alisema.

"Basi mnyororo umechoka," fundi aliamua. Akafunga mnyororo mwingine, akakaza pedali, akapaka grisi kwenye ekseli ya katikati. Baiskeli ilitoka pale ikilia kidogo. Baada ya siku mbili ilikuwa inalia vilevile.

Jumanne iliyofuata, Kandida alikuwa nyuma ya jiko akipukuchua mahindi aliposikia mtu anabisha hodi uani. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, yenye mkwaruzo. Kandida alichungulia. Alimtambua. Alikuwa Sijaona, mshonaji wa Maisaka, aliyewashonea sare nusu ya wanafunzi wa shule yao.

"Karibu, Sijaona. Mbona umekuja huku mwenyewe?"

"Nimekuja kukuomba, Mama Kandida. Usije kwangu tena."

"Unasema nini wewe?"

"Hiyo baiskeli. Zamani ulikuwa unafika kimya, watu wamelala, nameza dawa mbele yako unaondoka. Hakuna aliyejua. Sasa ukiingia tu kichochoroni kila dirisha linatoa kichwa. Mtoto wa mwenye nyumba anapiga kelele, 'Ya wagonjwa hiyo, inaenda kwa Sijaona!' Jana Mama Valence alikuja kuchukua vitambaa vyake kabla sijavikata. Hata ndani hakuingia. Alisimama mlangoni, ameziba pua kwa khanga."

"Nitakuja kwa miguu."

"Kutoka huku kwa miguu utafika watu wako bombani. Watakuona vilevile. Niachie dawa, nitakunywa mwenyewe."

"Mara ya mwisho nilipokuachia, nilizikuta za siku nne chini ya godoro." Mama hakupandisha sauti, lakini hakuilegeza pia. "Kifua kikuu hakitaki hivyo. Bado una miezi mitano."

"Miezi mitano bila wateja nitakula nini? Cherehani?" Sijaona alianza kukohoa. Alijifunika mdomo kwa kitenge mpaka kikohozi kikaisha. "Ahsante kwa yote. Usije."

Hatua zake zilipotea njiani. Mama alizunguka jiko, akamkuta Kandida ameshika gunzi tupu.

"Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Hujasikia. Tumeelewana?"

"Ndiyo." Kandida aliweka gunzi chini. "Mama, mtu akiacha dawa itakuwaje?"

Mama alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ilikuwa mara chache sana kumwona amekaa mchana. "Wadudu wa kifua kikuu hawafi wote kwa mara moja. Ukiacha katikati, wanaobaki wanaizoea dawa. Wanarudi na nguvu, na dawa ile haiwaui tena. Nimemzika mmoja hivyo, kule Mutuka. Alikuwa na umri wa Sijaona."

Tangu siku hiyo mama aliiacha baiskeli ukutani. Aliondoka gizani kwa miguu, akarudi saa saba badala ya saa nne, viatu vimejaa vumbi na vifundo vya miguu vimevimba. Kila jioni alitoa kitu kimoja mkobani na kukiweka mezani: kipakiti cha dawa kisichofunguliwa. Mlango wa Sijaona haukufunguka. Siku ya tatu haukufunguka. Siku ya sita, mama aligonga mpaka mwenye nyumba akatoka. Siku ya nane aliweka tu kipakiti mezani na kuingia ndani kulala na viatu vyake.

Kandida hakuweza kula vizuri. Shuleni alikaa karibu na Kindness bila kuzungumza.

"Una nini wewe?" Kindness alimuuliza wakati wa mapumziko. "Kama ni ile baiskeli, acha. Wewe umenyamaza, mimi nimenyamaza. Baiskeli haina mdomo."

"Inao," Kandida alisema. "Kila siku inasema. Ila tumewadanganya wanaoisikiliza."

Siku ya kumi, alimwona Sijaona kwenye lango la shule. Alikuwa amebeba furushi la sare, akiwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja, anakohoa huku mabega yakiruka. Wanafunzi wawili wa darasa la tatu walimwiga, "Kho! Kho!" wakakimbia wakicheka. Sijaona alijifuta uso, akainua furushi, akaendelea na safari. Alikuwa amekonda hata kola ya blauzi yake ilikuwa imesimama mbali na shingo.

Kandida hakupitia kwa Kindness kurudi nyumbani. Alimkuta mama anachambua maharage.

"Mama. Baiskeli ilianguka."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. "Lini?"

"Jumamosi ile ya kikao. Niliichukua. Tuliipanda na Kindness. Nilikudanganya, na nikamdanganya fundi mbele yako."

Alifumba macho akisubiri kofi. Kofi halikuja.

"Ilianguka upande gani?"

"Wa kulia."

"Juu ya nini?"

"Mawe. Kile chuma chenye vigurudumu vidogo ndicho kilichogonga kwanza."

Mama aliweka ungo chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. "Siku kumi, Kandida," alisema. "Siku kumi natembea, na mtu amejifungia ndani anaoza kifua, na wewe unakula ugali wangu huku jibu liko mdomoni mwako." Macho yake yalikuwa mekundu. Kandida hakuwahi kuyaona hivyo, akatamani angepigwa. "Kamata baiskeli. Utasema mwenyewe."

Kwa Anselimu, Kandida alisema yote akitazama vidole vyake vya miguu. Fundi hakufoka. Alichuchumaa nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akatazama kama mtu anayelenga shabaha.

"Njoo uone. Chuma hiki kinachovuta mnyororo ni mkono wa gia. Umeshikwa na hiki kipande kidogo cha fremu, sisi tunakiita sikio. Unaona? Mkono ulitakiwa uning'inie wima, sambamba na gurudumu. Sasa umeinama ndani. Ndiyo maana mnyororo haukai sawasawa kwenye meno, unakwaruza. Na ukitia gia kubwa ya nyuma, ile nyepesi ya kupandia mlima, mkono unagusa spoki. Tik, tik."

"Siku ile hukuona?" mama aliuliza.

"Umepinda upana wa ukucha tu, Mama Kandida. Ningeambiwa ndipo ningeuona. Mliniambia haijaanguka, nikatazama mnyororo. Nikaubadilisha bure."

Alifungua mkono wa gia, akaikaza ekseli kuukuu ya gurudumu kwenye tundu la sikio, akaishika kama mpini na kuivuta taratibu. Alivuta, akatazama, akavuta tena. "Ukifanya haraka linavunjika," alisema. Jasho lilimtoka. Hatimaye alirudisha mkono wa gia, akazungusha pedali. Kwaru-kwaru haikuwepo. Akatia gia ya mlima. Tik-tik haikuwepo. Ila vigurudumu vidogo bado vililia, kwii.

"Hiyo ni alizeti yako, imeganda ndani." Alivifungua, akavisugua pamoja na mnyororo kwa mafuta ya taa mpaka maji meusi yakaacha kutoka. "Sasa inataka oili nyepesi, safi. Hapa nina oili chafu ya magari, nayo inavuta vumbi vilevile. Tafuteni oili ya cherehani."

Mama na Kandida walitazamana.

"Najua ilipo," mama alisema. "Twende."

Waliisukuma mpaka Maisaka. Mama aligonga mlango kwa kiganja. "Hodi! Sijaona, sikuleta dawa. Nimeleta mtoto."

Komeo likasogea, na mlango ukafunguka upana wa uso.

"Shikamoo, dada Sijaona," Kandida alisema. "Kelele ile ilikuwa yangu. Niliiangusha baiskeli, nikaficha. Kama ningesema mapema ingetengenezwa mapema, na watu wasingekuchungulia. Nisamehe."

Sijaona aliushikilia mlango ulipo. "Sare za watoto wa Mama Valence zinashonwa na mtu mwingine sasa," alisema. "Samahani yako haiwezi kuzirudisha."

"Najua, dada."

"Uliitia nini mpaka ikawa inapiga yowe vile?"

"Mafuta ya alizeti."

Sijaona alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia, alifungua mlango wote. "Niliwahi kuitia cherehani yangu alizeti nilipokuwa najifunza. Iliganda kama gundi. Mwalimu wangu alinifanya niifungue skrubu zote." Alichukua kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba kutoka kwenye meza ya cherehani, akapiga magoti kando ya baiskeli. "Tone moja kila kiungo. Wewe zungusha pedali polepole. Polepole, nimesema! Sasa chukua kitambaa ufute yote ya nje. Kinachoingia ndani ni chako, kinachobaki nje ni cha vumbi."

Kandida alifuta. Mama aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono kwa nguvu. Gurudumu lilizunguka, ukasikika upepo tu wa spoki.

Wote watatu walisikiliza. Kisha mama, ambaye hakuwa na desturi ya kuzungukazunguka kwa maneno, alisema, "Baiskeli imenyamaza. Kikohozi je?"

Sijaona aliinamisha kichwa.

"Kikohozi nacho kinatoka nje ya dirisha, mdogo wangu. Ulipokuwa unameza dawa kilikuwa kinapungua, na hukuwa unaambukiza mtu. Sasa kimezidi. Hicho Anselimu hana spana yake."

"Nimekosa siku ngapi?"

"Kesho itakuwa ya kumi na moja. Kesho hiyohiyo tunakwenda hospitali wapime makohozi upya. Na usimpunguzie daktari hesabu. Ukimwambia siku mbili, atakutibu ugonjwa wa siku mbili, na wewe una wa kumi na moja."

"Atanigombeza."

"Atakugombeza. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako. Kisha atakutibu."

Sijaona aligeuza kichupa mkononi. "Njoo saa ileile ya zamani," alisema mwishowe. "Nitakuwa nimeamka."

Walirudi Nakwa jua likielekea kuzama, mama akiendesha taratibu na Kandida amekaa kwenye keria. Baiskeli haikutoa sauti, kwa hiyo kila neno lilisikika.

"Huipandi mpaka mwaka uishe," mama alisema. "Na kila Jumamosi utasafisha mnyororo: mafuta ya taa, kitambaa, tone moja kila kiungo."

"Ndiyo, mama."

"Jambo la pili. Fundi ana macho mazuri, daktari ana vipimo, na mimi nina mkoba. Vyote hivyo ni bure kama mwenye tatizo anasema uongo. Siku ile kwa Anselimu ulisema nusu ya ukweli, ukaona umepona. Nusu ilimpeleka fundi kutazama pasipofaa. Ukikosea, sema kosa lote, siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Kosa likiwa bichi linanyooka kwa mkono. Likikaa, linawapinda na watu wengine."

Kandida aliegemeza paji la uso kwenye mgongo wa mama yake.

Mambo hayakurudi yote mahali pake. Daktari alimgombeza Sijaona kweli, kisha akamwongezea muda wa dawa. Mama Valence hakurudi mwaka ule. Lakini wiki tatu baadaye, Jumamosi, Kandida alikuwa uani na kopo la mafuta ya taa mama yake aliporudi. Hakumsikia akija. Aliona tu kivuli cha gurudumu kimesimama mbele yake.

Mama alishuka, akafungua mkoba wa dawa na kuuinamisha ili Kandida aone mpaka chini. Hapakuwa na kipakiti kilichobaki.

"Futa mnyororo," alisema. "Kesho natoka mapema."